Pampu ya hewa ya chemba ya maji taka inakula umeme mwingi: naweza kuizima usiku?

Mkazi wa Kigamboni
Ndugu zangu, naomba ushauri. Huku kwetu maji ya ardhini yako karibu mno, kiasi kwamba masika yakikolea shimo la kawaida hujaa kutokea chini, na ndiyo sababu nilijenga chemba inayosafisha maji taka kwa kupuliziwa hewa. Nyumbani tuko saba, na maji yanayotoka tunamwagilia migomba. Pampu ni ya wati 120 na haizimwi, kwa hiyo hula karibu uniti 2.9 kwa siku, yaani 86 kwa mwezi, kupita hata friji. Siku hizi upande mmoja wa chemba unatokota mapovu makubwa kama chungu cha uji, ilhali upande wa pili maji yametulia tuli. Je, nikiizima usiku nitaharibu kitu?

Fundi wa Majitaka
Usiizime usiku kucha, ndugu yangu. Bakteria wanaokula uchafu wakikosa hewa kwa saa nyingi, chemba huanza kunuka mayai viza na tope hulala chini.

Anza na hayo mapovu, kwa sababu ndiko umeme wako unakopotelea. Povu kubwa hupanda upesi na kupasuka juu kabla oksijeni haijayeyuka majini. Mapovu madogo hupanda polepole na hugusana na maji zaidi. Naona kama mpira wa diski, ile sahani ya chini inayotoa mapovu, umechanika upande huo, na hewa yote inafuata tundu. Fungua pia kifuniko cha pampu utazame sponji ya chujio: ikiwa nyeusi kwa vumbi, pampu hupata moto na kutoa hewa kidogo kwa umeme uleule.

Ukishatengeneza, funga taima: dakika 45 za hewa, 15 za kupumzika. Uniti 86 zitashuka hadi 65 hivi. Tena mapumziko hayo yana kazi yake. Kugeuza gramu 1 ya naitrojeni ya amonia, itokayo hasa kwenye mkojo, kuwa naitreti huhitaji takriban gramu 4.6 za oksijeni, na hewa inapokatika bakteria wengine huitumia naitreti hiyo kula uchafu, hivyo takriban gramu 2.9 kati ya hizo zinakurudia.

Mdau wa Moshi
Nakubaliana na fundi, ila ningeuliza kwanza kinachoingia. Mafuta ya kukaangia yakimwagwa kwenye sinki, pampu inalipia kila tone, maana mafuta yanahitaji oksijeni nyingi kuoza. Jenga mtego wa mafuta nje ya jiko na uukombe kila wiki. Chungulia pia chumba cha kwanza, kile kisichopuliziwa hewa: kikijaa tope, uchafu uliopaswa kutuama pale bila umeme wowote unavuka kwenda kwenye pampu. Kama kiwanja kina mteremko, kitanda cha kokoto na matete kinaweza kumalizia usafishaji bila umeme, lakini kwa maji ya ardhini uliyoyaeleza ni lazima sakafu yake izibwe kabisa.

Mkazi wa Kigamboni
Nawashukuru sana. Nimefungua pampu jioni hii: sponji ilikuwa nyeusi tii, na baada ya kuiosha mngurumo umepungua. Chumba cha kwanza hakijawahi kunyonywa tangu nijenge, kwa hiyo nitaita gari kabla ya kununua taima. Jumamosi natoa diski.