Tupeane uzoefu: umeshika maiki mbele za watu, sauti ikagoma

Mleta mada: Wakuu, Jumamosi nimebebeshwa kusoma risala ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwa mgeni rasmi. Kijiweni naongea mpaka povu linatoka, ila nikishika maiki nalia kama kifaranga. Mliopitia, mlifanyaje?

Mkaa Bweni: Umenikumbusha spichi ya asubuhi mstarini, tena kwa Kiingereza cha kuombea maji. Shule nzima inasubiri uteleze.

Chausiku: Miguu ilikuwa inacheza mdundiko yenyewe 😂

Babu Kijiti: Mstarini afadhali. Mimi nilipewa wasifu wa baba mdogo, msibani kijijini, watu mpaka barabarani. Karatasi kaandika shangazi, nakabidhiwa jeneza limeshatolewa nje, sijaipitia hata mstari. Nikaanza vizuri: kuzaliwa, kubatizwa, kazi ya bandarini. Karatasi inatetemeka, nikaibana kifuani isionekane, kumbe sasa siwezi kuisoma. Nikaishusha. Nikafika "marehemu ameacha mjane na watoto watatu." Nyuma kule akainuka mama mmoja, khanga kaikaza kiunoni, na vijana wawili wamefanana na baba mdogo utadhani kawatema: "Soma vizuri hiyo karatasi, mwanangu!" Koo likakauka kau. Nafungua mdomo, hewa inatoka, sauti hakuna. Mchungaji ndiye aliyeniokoa kwa kuanzisha wimbo.

Chausiku: Weee! Enhe, hao vijana waliruhusiwa kutupa udongo?

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada.

Mkaa Bweni: Mada ndiyo hii sasa. Mkuu, mirathi iliishaje?

Mama Kwaya: Mleta mada, nisikilize mimi mwalimu wa kwaya. Ukiogopa unainua mabega na kuvuta hewa ya juu juu. Sentensi haijaisha, pumzi imekata, ndipo sauti inapanda. Weka mkono tumboni, ukivuta pumzi tumbo lijae. Maji anza kunywa tangu asubuhi. Hayo ya kugugumia jukwaani yanashukia tumboni, hayagusi nyuzi za sauti. Na acha kujikoholesha eti unasafisha koo, nyuzi zinagongana na kuvimba. Ukikaukiwa sauti usinong'one pia, nyamaza kabisa.

Mtoto wa Pwani: Maneno mengi. Tangawizi, asali na yai bichi, basi.

Mama Kwaya: Yai bichi? Mnataka aharishe mbele ya mgeni rasmi?

Mtoto wa Pwani: Bibi yangu kaimba taarabu mpaka uzeeni kwa hilo yai. Wewe una cheti gani?

Mama Kwaya: Cheti sina. Waimbaji ninao.

Mzee wa Redio: Msikilizeni Mwalimu Nyerere anavyotangaza vita na Idi Amin, Novemba 1978. Hapayuki. Uwezo, anatua. Sababu, anatua. Nia. Nyie mnasoma risala kama mnakimbizwa na mgambo.

Chausiku: Mwalimu alikuwa na vita, mwenzetu ana kikundi cha kuweka na kukopa 😂

Fundi Spika: Maiki ikae usawa wa kidevu, usiimeze. Na usiielekeze kwenye spika, itapiga mluzi wote wazibe masikio.

Babu Kijiti: Kwa mlioniuliza: wale vijana walibeba jeneza, tena mbele. Shangazi alininunia mpaka matanga yakaanuliwa. Mirathi bado iko mahakamani.

Mleta mada: Kwa hiyo ninywe maji au tangawizi?

Mkaa Bweni: Vyote. Ila choo kilipo ukijue mapema.