Kisu cha kukunja kinachogoma kufunguka: maji ya sabuni, mafuta ya taa au mafuta ya cherehani?

Mvuvi_Tanga
Ndugu wanajamvi, ninacho kisu cha kukunja cha Victorinox ambacho kwa miaka sita nimekitumia kumenyea machungwa na kukatia mishipi. Mwezi huu bapa kubwa limekuwa gumu kiasi cha kunivunja ukucha, ilhali bapa dogo, lililo upande wa pili wa safu hiyohiyo, linafunguka vizuri. Mmoja ananishauri nikiloweke katika mafuta ya taa, mwingine nitie mafuta ya cherehani tu, na wa tatu anasema maji ya sabuni yanatosha. Naomba kusikia kwa waliojaribu.

FundiSaa
Mkuu, jibu umeshalitoa mwenyewe bila kujua. Mabapa hayo mawili husukumwa na springi moja, kila moja kwenye ncha yake. Kwa hiyo, ikiwa dogo linafunguka vizuri, springi ni nzima na tatizo liko kwenye kiungo cha lile kubwa. Maji ya machungwa yana sukari, nayo ikikauka ndani ya kiungo pamoja na vumbi la mfukoni hushika kama gundi. Mafuta ya taa huyeyusha grisi lakini hayayeyushi sukari, ambayo dawa yake ni maji. Kizamishe kisu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ufungue na kufunga bapa mara nyingi humohumo majini huku vidole vikiwa mbali na makali, kisha usugue kiungo kwa mswaki mkuukuu. Suuza, kikaushe kabisa, ndipo utie tone moja la mafuta ya cherehani. Ukianza na mafuta kabla ya kuosha, yatachanganyika na mchanga na kukisaga kiungo taratibu.

BintiMshonaji
Naafiki kuhusu sukari, ila mafuta ya taa tusiyatupe. Kisu changu kiligoma kwa sababu nilikuwa nikikipaka mafuta ya alizeti, ambayo yakikaa hewani kwa muda mrefu huwa utando unaonata, na maji ya sabuni hayakuugusa. Mafuta ya taa yaliutoa kwa usiku mmoja, mbali na jiko bila shaka. Baada ya hapo nilikiosha kwa sabuni mara mbili, maana ndicho ninachokatia matunda.

Mzee_wa_Usambara
Wenye visu vya mpini wa mti wasifuate ushauri wa kuloweka. Mimi natumia Opinel, kisu kinachotoka Savoie, Ufaransa, tangu 1890, na kila masika mpini wake hunyonya unyevu, ukavimba na kulibana bapa. Maji yangezidisha balaa. Wenyewe wa huko huzungusha pete ya kufungia hadi iachie, kisha hugonga kitako cha mpini kwenye meza, na bapa hujitokeza kidogo, likaweza kushikwa. Baada ya hapo mimi hukiacha kisu kivulini penye upepo kwa siku kadhaa. Kikiendelea kubana, napitisha msasa laini ndani ya ufa wa mpini, kidogo sana, kwani kiangazi mti husinyaa tena na aliyekwangua mno huishia na bapa linalochezacheza.

Dereva_Lori
Kama kiungo kina skrubu badala ya ribiti, jaribu kwanza kuilegeza kwa robo ya robo ya mzunguko, kisha utikise bapa kushoto na kulia, likicheza, umepitiliza. Ribiti isiguswe kwa nyundo. Fundi mmoja wa baiskeli aliigonga ya kwangu ili "ilainike", na tangu siku hiyo bapa hilo halikai katikati, likijifunga hukwaruza ukuta wa pembeni.

Mvuvi_Tanga
Nashukuruni. Nimeanza na maji ya sabuni, na yaliyotoka kiungoni yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Mara ya kwanza bapa lililegea nusu tu. Nilirudia jioni, nikitumia kijiti cha meno kutoa nyuzi za mfukoni zilizojisokota chini ya springi, na hapo likafunguka kwa kidole gumba bila kelele. Nimelitia tone moja la mafuta ya cherehani na kufuta yaliyozidi. Mafuta ya taa sikuyahitaji.