Kwa hiyo sisi ndio tunaogesha mbuzi bia?!

Mkorosho_Mkavu:
Wakuu, nimetoka uwanjani sasa hivi, koo limekauka kwa hasira. Jina la msanii silitaji, mnamjua. Yule yule.

Nimetoka Tandahimba kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Nikatoa elfu 10 yangu getini pale uwanja wa Nangwanda, Mtwara, nikasimama masaa manne kama nguzo. Kapanda saa sita usiku, kapiga kelele "Ntwara kucheleee!", tukaitikia wote. Kaimba nyimbo mbili. Mbili! Mara akazima muziki, eti ana neno la siasa. Nikasema haya, leo kusini tumepata msemaji. Nikanyanyua na simu nirekodi.

Akasema nini? "Acheni kuilaumu serikali, nyie mkipata hela za korosho mnawaogesha mbuzi bia."

MBUZI. BIA.

Mimi salfa ya mikorosho napuliza mwenyewe mpaka macho yanavimba kama nimeng'atwa na nyuki wa wilaya nzima. 2018 jeshi lilibeba korosho kwa 3,300 kilo, hela tukaingojea mpaka mwaka wa pili. Hiyo bia ya kuogeshea mbuzi niliitoa wapi? Mbuzi wangu hata maji ya kisima tunagombania!

Na watu WALICHEKA. Niliyesimama naye kacheka mpaka kaniegemea.

Kile kipaza sauti tumekilipia sisi. Kama ni siasa, aseme makato ya AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, aseme bei za mnada. Anakuja kutusemea mbuzi! Mbuzi, wakuu! Wimbo wake ukipigwa hata harusini kwa mwanangu, natoka.

Dada_wa_Chuno:
Pole kaka. Mimi nilikuwa mbele kabisa, alisema "bia na soda". Soda umeisahau.

Mkorosho_Mkavu:
Soda ndiyo itanipoza dada yangu??

Kangomba_Mstaafu:
Elfu 10 nyimbo mbili? Mzee umepigwa kangomba, ule ulanguzi wa korosho, mchana kweupe. Umepimiwa kwa bakuli lililotoboka 😂😂

Mwanamikindani:
Msanii wa kusema siasa alikuwa Nay wa Mitego 2017. Alikamatwa kwa ajili ya "Wapo", mpaka rais mwenyewe akaagiza aachiwe. Yule aliwasema wakubwa. Huyu wenu anawasema wakulima kwa kuwa mkulima hana selo.

Baba_Ligula:
Mwanamuziki aimbe tu, siasa awaachie wenyewe.

Mwanamikindani:
Wenyewe akina nani, shehe? Sugu katoka kwenye rap kawa mbunge wa Mbeya Mjini 2010. Profesa Jay akaingia Mikumi 2015.

Mmwera_wa_Lindi:
Nyie Mtwara mnadeka. Sisi na ufuta wetu, hata wa kuja kututukana pale uwanja wa Ilulu hatumpati.

Mkorosho_Mkavu:
Chukueni huyu, nauli nalipa mimi.

Gesi_Haitoki:
Mnalilia mbuzi, gesi mmeisahau? 2013 tulipopinga bomba la gesi, mabomu ya machozi yanalia humu mjini, msanii gani aliyefungua mdomo? Bomba likaenda Dar, na mimi mpaka leo napikia mkaa.

Dada_wa_Chuno:
Usinikumbushe 2013, mtoto wangu alikuwa mchanga, nilijifungia naye ndani macho yanawaka. Halafu huo mkaa gunia bei gani huko kwenu? Huku haushikiki.

Gesi_Haitoki:
Haushikiki kabisa. Tunanunua kwa kopo.

Baba_Ligula:
Na umeme je? Umekatika tangu magharibi, naandika hapa chaji asilimia 4

Mmwera_wa_Lindi:
Nyie mnalia umeme, sisi 2024 mvua ilivunja madaraja, barabara ya Dar ikakatika, tukakaa kisiwani. Huko ndiko kulia.

Mkorosho_Mkavu:
Jamani turudi kwenye mbuzi.

Kangomba_Mstaafu:
Kwani huyo mbuzi unauza? Nina akika ya mjukuu Jumapili.