Utovu wa nidhamu kazini: ni sawa na jinai?

Mdau: Wakuu, barua ya tuhuma ikiandikwa "utovu wa nidhamu", mtu ameshtakiwa kwa jinai?

Mjuzi: Hapana. Jinai huamuliwa na mahakama. Utovu wa nidhamu ni kuvunja kanuni za kazi. Uzembe ukikithiri nao huhesabiwa humo. Ila asiyeimudu kazi hana utovu, hilo ni suala la uwezo na lina utaratibu wake. Waajiri wengi huchanganya hapa!

Msaidizi: Kwa Tanzania, kanuni za ajira za 2007 zinataja makosa mazito: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali makusudi, kushambulia mtu, ukaidi uliokithiri. Kuchelewa mara moja, onyo linatosha.

Mjuzi: Barua itaje tendo lenyewe. Mtuhumiwa apewe angalau saa 48 kujiandaa kwa kikao cha kusikilizwa. Akiachishwa kazi, ana siku 30 kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi).