Majirani wa Pasua, Moshi: paka wa Mama Ima na joto la Februari

[14:06] Mama Ima: Jamani majirani, kuna anayejua mambo ya paka humu? Chausiku kalala sakafuni tangu saa sita, sasa anahema mdomo wazi, ulimi nje. Umeme haupo, feni imekaa tu.

[14:07] Baba Glory: Pole sana Mama Ima. Si joto tu hilo? Hata sisi huku tunahema.

[14:08] Aika Mifugo: Mama Ima usisubiri. Mbwa kuhema mdomo wazi ni kawaida yake, paka siyo. Anaweza kusimama? Fizi zina rangi gani?

[14:09] Mama Ima: Anasimama ila anayumba. Mate yanamtoka. Fizi nyekundu sana

[14:10] Aika Mifugo: Joto limemzidi huyo. Mtoe humo chini ya bati sasa hivi, mpeleke bafuni au kivulini penye upepo. Maji ya bomba ya kawaida: mloweshe tumbo, kwapa, mapaja na nyayo, huku mtu anampepea kwa ungo au chochote. Kichwani usimwagie, yasije yakamwingia puani. Taulo bichi usimfunge ukaliacha, likishapata moto linamzuia kupoa.

[14:10] Baba Glory: Nina barafu kwenye friji, nilete?

[14:11] Aika Mifugo: Hapana baba. Ubaridi mkali unabana mishipa ya damu ya kwenye ngozi, joto linabaki ndani. Leta bajaji.

[14:11] Baba Glory: Natoka

[14:12] Bibi Manka: Mpeni panadol ya maji, nusu kijiko, joto lishuke.

[14:12] Aika Mifugo: Shikamoo bibi. Panadol HAPANA kabisa bibi yangu. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo, inaharibu damu yake, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Tena hii siyo homa. Homa mwili wenyewe ndio unapandisha joto, huyu limemwingia kutoka nje, kwa hiyo ni kumpoza tu.

[14:13] Bibi Manka: Marahaba mwanangu. Nimesikia. Mungu amsaidie.

[14:15] Mama Ima: Ima anampepea, mimi namwaga maji. Mdomo bado wazi ila ameinua kichwa

[14:16] Aika Mifugo: Vizuri. Maji ya kunywa msogezee, akitaka anywe mwenyewe, usimlazimishe. Halafu hata akichangamka, kwa daktari aende. Figo na moyo vinaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye wakati nyie mmeshatulia. Mbebe kwenye tenga lenye matundu, si kwenye begi.

[14:19] Baba Glory: Niko getini.

[15:04] Mama Ima: Tumefika. Daktari kampima, 40.3. Anasema bila yale maji angefika pabaya. Kamwekea dripu.

[15:05] Mama Neema: Asante Mungu 🙏🏽 Aika, 40 kwa paka ni nyingi? Mtu akifika 38 tunakimbia hospitali.

[15:07] Aika Mifugo: Paka mzima anakaa kati ya 38 na 39 na kidogo. Akipita 40 kwenye jua kama hili ujue ameshazidiwa. Paka hatoki jasho mwilini kama sisi, ni kwenye nyayo tu, na kidogo. Anajilamba ili mate yakikauka yampoze. Hewa ikiwa ya moto kama tanuri, haitoshi.

[15:10] Mwalimu Shayo: Na nyumba zetu nyingi ni bati tupu, hazina dari. Dada yangu yuko Arusha, kule ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wanajifunika blanketi. Sisi Moshi tuko chini ya 1,000. Mpaka masika yaanze Machi huko, tutavumilia. Mimi nafungua madirisha alfajiri, jua likishapanda nashusha mapazia upande wa mashariki, mchana nahamia upande wa pili. Inasaidia kweli.

[15:12] Mama Neema: Wangu namwekea maziwa mengi siku hizi za joto, anayapenda mno. Na huyu mweupe nimnyoe manyoya?

[15:15] Aika Mifugo: Maziwa punguza dada. Paka wengi wakubwa hayawakai tumboni, wanaharisha, na kuharisha kunamkausha maji wakati anayahitaji. Chemsha dagaa bila chumvi, mpe na mchuzi wake. Usimnyoe, manyoya yanamkinga na jua. Mchane tu yaliyokufa yatoke. Ila huyo mweupe mwangalie ncha za masikio. Zikiwa nyekundu au zina magamba, mfungie ndani kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Jua linawaletea paka weupe saratani hapo, nimeshawaona.

[15:16] Mama Neema: Ncha nyekundu anazo!! Nilidhani kapigana

[15:16] Aika Mifugo: Nitapita jioni nimwone.

[15:21] Bibi Manka: Wa kwangu mzee, mchana kutwa amelala amejibana na mtungi. Simfukuzi.

[15:23] Aika Mifugo: Bibi, huyo amepata pa kwenda! Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka kwa nje, mtungi unapoa. Wenye bakuli za udongo wawekeeni maji humo, sehemu mbili tatu za nyumba, mbali na chakula. Paka wengi hawapendi kunywa pale wanapolia chakula. Na jamani, kabla ya kufunga stoo au mlango wa gari, angalieni ndani. Wanapenda kujificha humo, na humo ndimo wanamofia.

[15:25] Mwalimu Shayo: Stoo ya pale kanisani ninayo ufunguo mimi. Naenda kuiangalia sasa, yule paka mwenye watoto huwa analala humo.

[15:41] Mwalimu Shayo: Wapo, wazima wote. Nimewawekea maji, mlango nimeuacha wazi.

[18:32] Mama Ima: Chausiku joto limeshuka 38.9, amekojoa, daktari kafurahi sana. Analala huko leo. Baba Glory nimekutumia nauli.

[18:40] Baba Glory: Nimeirudisha mama, iwe ya dripu. Kesho saa moja kasoro nakupitia tumlete kabla jua halijawaka.

[18:41] Aika Mifugo: Muulizeni daktari kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa kama hajapata, apewe lini. Leo wala kesho isiwe, mwili umechoka.

[18:42] Mama Ima: Sawa dada, nitamuuliza.