Tupeane uzoefu: neno gani limewahi kukuumbua kwenye picha za kuuza mtandaoni?

Wakuu, salama? Nipo hapa Arusha, nina kamera ya mtumba, na huu ni mwaka wa pili napandisha picha kwenye zile tovuti za kuuza picha. Leo tuache lenzi. Tuongelee maneno ya utafutaji, yale ya Kiingereza unayojaza chini ya picha ili mnunuzi aione.

Naanza mimi. Nilipiga Kilimanjaro alfajiri nikiwa Moshi, mlima umefunguka wote. Shutterstock wanaruhusu maneno 50, nikaona dhambi kuacha nafasi wazi. Nikatupia Kenya, Amboseli, tembo, simba. Tembo mwenyewe kwenye picha hayupo! Tovuti moja, siitaji, ikanirudishia mzigo wote, picha 18, kwamba maneno hayahusiani na kilichomo.

Nikamlalamikia jirani yangu anayeongoza watalii. Akaitazama, akacheka: "Chalii yangu, hapa kilele cha Mawenzi kiko kulia kwa kile cha Kibo. Aliyesimama Amboseli, upande wa Kenya, anakiona kushoto. Anayeujua mlima utamdanganya vipi?" Toka siku hiyo naandika ninachokiona tu: Kibo, theluji, alfajiri, migomba, Moshi, Tanzania. Hayafiki hata 25.

Tiririkeni.

Mdau, Moshi Majengo
Mimi ndizi ndizo zilizoniumbua. Nilipiga mikungu soko la Mbuyuni nikaandika "plantain", maana ndivyo wengi wanavyoita ndizi yoyote ya kupika. Mama mkwe akauliza hiyo ndiyo nini. Zilikuwa mshare, za mtori, na mshare siyo "plantain", ni jamii nyingine kabisa. Nikabadilisha: "cooking banana", "green banana", "market". Ikakaa miezi kimya, halafu ikauzwa mara mbili wiki moja. Hela yenyewe hainunui hata kilo ya nyama, ila nilitembea kifua mbele.

Mdau, Arusha Sakina
Bajaji. Kwetu ni jina la chombo, kwao ni jina la kampuni, na majina ya kampuni hayatakiwi kwenye picha za matangazo. Andika "tuk tuk" au "auto rickshaw", na nembo ifute. Nimemaliza.

Mdau mwingine
Mnajitesa bure. Siku hizi programu inasoma picha na kukuletea maneno yote. Bonyeza, kalale.

Mleta mada
Mkuu, programu hiyo niliipa mbega wa Hifadhi ya Arusha, mweusi, mkia mweupe, ikaniandikia "skunk". Ukilala hivyo utaamka na kicheche. Na Adobe Stock wanapokea 49 lakini mpangilio una uzito, yale 10 ya mwanzo ndiyo yanayobeba. Sasa "skunk" ikikaa namba moja?

Mdau, Usa River
Kwenye ndege nakazia. Wale kwezi wa bluu wenye tumbo la rangi ya chungwa, watu wanawaandika wote "superb starling". Tazama jicho. Likiwa jeupe, na kifuani pana mstari mweupe, huyo ndiye "superb starling" wa kweli, Lamprotornis superbus. Jicho jekundu bila mstari ni Lamprotornis hildebrandti. Jina la kisayansi liweke, maana mtu wa vitabu vya ndege hatafuti "blue bird".

Dada, Arusha
Langu lina aibu kidogo. Nilimpiga mama mmoja soko la Kilombero, kajifunga shuka, shanga shingoni, nikaandika "Maasai". Nilipomrudia na fomu ya ridhaa, kabla ya kusaini akauliza nimemwandikaje. Nikamwambia. "Mimi Mwarusha. Kimaa tunaongea, lakini sisi ni wakulima." Nikamuuliza, basi mama nikuandike nani? Akanionyesha meza yake. Nimeweka "avocado seller". Lile la "Maasai" nimelifuta, ingawa najua ndilo wazungu wanalolitafuta.

Mleta mada
Dada, hiyo fomu ya ridhaa unayo ya Kiswahili? Itupie hapa.