Watu sita Ilomba, mama mkwe ana sukari: tuweke nini ndani?

MamaAtu_Ilomba aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Mbeya mjini, Ilomba, nyumba ya kupanga, maji ya bomba ya mgao. Ndani tuko sita: mimi, baba watoto, mama mkwe, wadogo wawili wa shule ya msingi, na binti anayetusaidia kazi. Mkubwa yuko bweni Njombe.

Nauliza haya kwa sababu ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Intaneti ilipozimwa nchi nzima, pesa yangu ilikuwa kwenye simu, wakala wa mtaani kafunga kibanda, na lile duka moja lililofungua nusu mlango likataka kashi tu. Nimekaa na hilo jambo moyoni. Baba watoto anasema tununue magunia. Magunia tuweke wapi, chumba chenyewe hiki? Mama mkwe anajidunga insulini kila siku. Na huyu wa Njombe, kikitokea kitu nimfuate au nimwache?

Nina laki moja na nusu ya kuanzia, na kidogo kidogo kila mwezi. Naomba majibu ya watu wanaoishi huku kwetu, siyo ya zile video za Wazungu wenye mahandaki chini ya nyumba.

Mbishi_wa_Kabwe aliandika:

Dada unaleta hofu tu. Mbeya kuna chakula mpaka kinaozea shambani. Mwombe Mungu, lala.

MtunzaStoo aliandika:

Mama Atu, kamwene. Nimetunza stoo ya shule ya bweni huko Mufindi mpaka nikastaafu, sasa nalima viazi Uyole. Nitakujibu kistoo.

Huyu wa Kabwe amesema kweli nusu. Njaa siyo adui wa kwanza huku. Mchele uko Mbarali na Kyela, ndizi Tukuyu, mahindi Mbozi, viazi ninavyo mimi hapa nyuma ya nyumba. Hata magari yakisimama wiki nzima, kuna mama atashuka kutoka mlimani na kiroba kichwani. Kinachokatika ni kile kinachopanda mlima wa Kitonga kwenye lori: petroli, gesi, dawa, chumvi, sukari, sabuni. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800 na malori karibu yote yanafuata njia hiyohiyo.

Mumeo ameanza na gunia. Mimi naanza na swali: siku mtaa umechafuka, ni kitu gani kitamfanya mtu wa nyumba yako afungue geti? Kaeni wote na daftari, na huyo binti wa kazi awepo, maana ndiye anayetumwa. Andikeni. Utaona unga hauko juu ya orodha. Kuna anayetaka vocha. Kuna kiberiti kimeisha. Kuna dawa ya bibi. Kuna kijana wa jirani anayetaka tu kwenda kuona moshi unatokea wapi. Wanaoumia barabarani siku kama zile siyo waliokwenda kwenye fujo peke yao, wengine walitumwa chumvi. Kwa hiyo kila shilingi ya hiyo laki na nusu iende kufuta sababu moja ya kutoka. Sababu zikiisha ndipo mje kwenye gunia.

Anza na maji, hayana bei. Vitabu vya misaada vinasema lita 15 kwa mtu kwa siku, hapo kuna kuoga na kufua. Ya kunywa na kupikia peke yake piga lita 5 kwa kichwa. Watu sita kwa siku tano ni lita 150, yaani madumu manane ya lita 20, na unabakiza kidogo. Madumu manane yanakaa chini ya vitanda. Mengine jaza ndoo kila jioni bomba linapotoka, iwe desturi kama kufunga mlango. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ipo, kinga kwenye bati, hayo ya chooni na ya kufulia.

Chakula sasa. Shuleni nilikuwa napiga nusu kilo ya unga kwa mwanafunzi kwa siku, na wale ni vijana, wanakula. Kwako watu sita, wawili wakiwa wadogo, kiroba cha kilo 25 kinamaliza wiki na kinabaki. Ila kiwe sembe. Dona ni tamu na ina afya, lakini kiini cha mahindi kina mafuta, unga wake unachacha mapema. Mahindi yenyewe kaa nayo kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya PICS yenye nailoni mbili ndani. Ukiifunga vizuri wadudu wanakosa hewa wanakufa, huhitaji dawa ya unga. Nunua Juni mpaka Agosti wakati watu wanavuna, usingoje Februari. Na hapa wengi wanasahau: umeme ukikatika, mashine ya kusaga inakuwa kimya. Ukiwa na gunia la mahindi na huna unga, una mapambo. Jua mapema ni nani mtaani ana mashine ya dizeli.

Pamoja na unga weka maharage, dagaa wakavu, karanga, mafuta lita tatu, chumvi pakiti nyingi kuliko unavyodhani. Vile mnavyokula siku zote, basi. Usinunue vitu vya makopo ambavyo watoto hawajawahi kuvionja, watalia njaa chakula kikiwa mezani. Chukua cha zamani kwanza, kipya weka nyuma, andika tarehe kwa peni. Stoo haina siri nyingine.

Pesa: kashi ya wiki moja, na iwe noti za elfu moja, elfu mbili, na sarafu. Siku hizo noti ya elfu kumi haina chenji, utaambiwa "acha tu itabaki kwangu." Igawe sehemu mbili ndani ya nyumba. LUKU nunua uniti mapema uingize kwenye mita, zikishaingia hazihitaji mtandao. Namba za simu za muhimu ziandikwe kwenye karatasi ibandikwe ukutani, maana simu ikizima chaji hakuna anayekumbuka hata namba ya mumewe. Polisi 112, zimamoto 114. Redio ndogo ya betri, siyo ya simu. Intaneti ikizimwa habari zinaletwa na bodaboda, na bodaboda kila anayepita ana vita yake.

Vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na bima, mkataba wa nyumba: mfuko mmoja wa nailoni, mfuko huo mahali pamoja. Hilo siyo la vurugu peke yake. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilipofunika nyumba pale Itezi, hakukuwa na uchaguzi wala maandamano.

Mtoto wa Njombe mwache. Nakwambia kama mtu niliyekuwa na ufunguo. Shule ya bweni ina stoo, ina kuni, ina kisima au matenki, ina uzio na mlinzi. Mzazi anayepanda gari katikati ya fujo kumfuata mtoto aliye salama anajitengenezea sababu ya kutoka kubwa kuliko zote. Zungumza na mwalimu wa malezi sasa hivi kukiwa kumetulia: mkikosa mawasiliano, nani anampokea, nani haruhusiwi kumchukua. Mwachie mtoto nauli kwa matroni.

Nesi_wa_zamu aliandika:

Mtunza Stoo ndaga fijo. Naongeza ya upande wangu.

Mama Atu, bibi. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Iliyofunguliwa inavumilia kama wiki nne nje ya friji mradi joto halizidi nyuzi 25 hivi, na kwa baridi yetu hapo mna bahati, watu wa Kyela hawana. Umeme ukikatika usipaniki wala usiiweke kwenye barafu. Insulini iliyoganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Mwambie daktari wa kliniki yake mapema kwamba mnataka akiba ya mwezi mmoja mbele, na sindano, na vipimo vya kidoleni. Vivyo hivyo kwa wenye presha, na wanaotumia ARV waombe za miezi mitatu au sita kama hali zao ziko sawa, huo ni utaratibu upo.

Jambo la pili la bibi: akijidunga halafu chakula kikachelewa au kikapungua, sukari inashuka, na hiyo inaua haraka kuliko ya kupanda. Mkiona anatetemeka, jasho la baridi, anaongea ovyo, mpeni maji ya sukari au soda, halafu chakula. Muulize daktari sasa dozi iwe vipi siku ya kula mara moja. Usije kubuni siku yenyewe.

Kingine ndicho kinachoniuma. Watu wakiogopa wanafunga milango na madirisha yote, halafu wanapika ndani kwa jiko la mkaa. Huku tunalijua hilo kila Juni na Julai, jiko linaingizwa chumbani kuotea moto, asubuhi mlango unavunjwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala moshi. Mkaa upikiwe uani, au mlangoni kukiwa wazi, hata mara moja kwa siku muweke kwenye chupa ya chai na hotpoti. Mkiwa na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 uwe wa siku hizo.

Moshi wa mabomu ya machozi ukiingia: funga upande unaotoka, sogea chumba cha mbali, osha macho kwa maji mengi, usisugue. Nguo iliyopata moshi ivuliwe. Watoto wachanga na wenye pumu kwanza. Mkisikia risasi, laleni chini sakafuni, mbali na dirisha, nyuma ya ukuta wa tofali, siyo mlango wa mbao. Simu ya kurekodi ibaki mfukoni.

Mtoto akiharisha na hamna ORS: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Dereva_Tunduma aliandika:

Mimi ni wa malori. Tukiona dalili tunapaki Makambako au Igawa, hakuna tajiri anayekubali gari lichomwe. Mafuta yakisimama siku mbili tu, bodaboda wanapandisha nauli mara tatu. Naomba mtu asiweke petroli ya madumu chumbani, nimeona watu wanafanya hivyo. Mvuke wake unatambaa chini mpaka kwenye jiko. Bora gari likae tupu.

Mbishi_wa_Kabwe aliandika:

Haya, ya mkaa nimeyachukua. Lakini mnaonaje mtu akijulikana ana stoo ndani? Si ndiyo wa kwanza kuvamiwa? Mimi nilikuwepo Mwanjelwa Novemba 2011, machinga na polisi, nimeona maduka yalivyofanywa.

MtunzaStoo aliandika:

Ndiyo maana nimesema kiroba kimoja na madumu, siyo ghala. Kiroba kimoja hakina habari. Ukinunua kidogo kidogo kila wiki hata Mangi wa dukani hashtuki, na hummalizii mwenzako bidhaa. Ila usijifiche kwa majirani wa ukuta mmoja. Kubalianeni sasa nani ana gesi, nani ana kisima, nani ni muuguzi, nani ana gari lenye mafuta kama kuna mama anajifungua usiku. Mwenyekiti wa mtaa awe na namba zenu. Jirani unayemwomba chumvi kupitia juu ya ukuta amekuondolea safari ya dukani.

MamaAtu_Ilomba aliandika:

Ndaga sana wote. Jana jioni tumekaa na daftari kama alivyosema mzee. Sababu ya kwanza kuandikwa ilikuwa ya baba watoto mwenyewe: sigara. Ya pili pedi, ambayo kati ya ninyi wote hakuna aliyeitaja. Ya tatu ni mtoto anasema "kumwangalia paka." Kliniki ya bibi ni wiki ijayo, nitaomba ya mwezi mbele.

Swali la mwisho mzee: kiroba kikae chini ya kitanda pamoja na madumu? Sakafu yetu ni saruji na kipindi cha mvua ukuta wa nyuma unatoa unyevu.

MtunzaStoo aliandika:

Pedi ni kweli, na shule nilikuwa naziagiza mwenyewe, sijui zimenipotea vipi hapa.

Kiroba kisiguse saruji wala ukuta. Saruji inavuta unyevu, unga unashika ukungu kwa chini huku juu unaonekana mzima. Weka vipande viwili vya mbao, juu yake kiroba, na uache nafasi ya kiganja kutoka ukutani ili panya akipita umwone. Madumu upande wa pili, kofia zikazwe. Kila mwisho wa mwezi mpike ule unga, mnunue mwingine. Paka mwacheni alale humohumo.